"Tuko wanne tu": dhana potofu kuhusu uongozi wa kliniki ndogo ya meno

"Mambo ya utawala bora ni ya hospitali kubwa."

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na ndiyo yenye madhara zaidi. Hospitali ya rufaa ina mganga mfawidhi, muuguzi kiongozi na kamati ya kuzuia maambukizi, hivyo mmoja akiteleza mwingine huona. Kliniki ya mtaani ina daktari, msaidizi, mtu wa mapokezi na mtu wa usafi. Daktari huyo huyo ndiye mmiliki, ndiye mwajiri, ndiye mwenye funguo. Hakuna aliye juu yake wa kumwambia "hapo umekosea". Udogo huo ndio unaofanya utaratibu ulioandikwa uwe wa lazima.

"Leseni iko ukutani, tumemaliza."

Leseni inakuruhusu kufungua mlango, basi. Hapa Tanzania, daktari anatakiwa awe na usajili hai wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mashine ya eksirei, hata ile ndogo ya jino moja, inahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo kliniki nyingi ndogo huidhania ni ya benki na kampuni za simu. Ukirusha picha ya meno ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri huku jina lake likisomeka pembeni, umeshavujisha siri yake.

"Vifaa vikitoka kwenye otoklevu viko salama."

Otoklevu ni mashine inayoua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke wa moto. Mkanda unaobandikwa kwenye kifurushi cha vifaa, ukibadilika rangi, unathibitisha tu kwamba kifurushi kilipata joto. Hauthibitishi kwamba vijidudu vimekufa. Mvuke unatakiwa ufike nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika zisizopungua 3, na kipimo cha spora (vijidudu sugu vinavyowekwa ndani ya mashine kuona kama vitakufa) kifanyike angalau mara moja kwa wiki. Umeme ukikatika katikati, mzunguko unaanza upya.

Uongozi unaonekana kwenye daftari la mashine hiyo: tarehe, joto, muda, saini. Ukikuta ukurasa mzima una kalamu moja na mwandiko mmoja, na hakuna hata siku moja umeme ulikatika, ujue umejazwa kwa mkupuo Ijumaa jioni. Daftari la namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nalo, kwa sababu linamtuliza bosi bure.

"Msaidizi kazi yake ni kutii."

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kwa namba wanazotumia madaktari wa meno, jino namba 36 ni gego la kwanza la chini kushoto kwa mgonjwa, na 46 ni lile la kulia. Daktari anapomtazama mgonjwa ana kwa ana, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake. Kadi imeandikwa 46, koleo linaelekea 36. Msaidizi ameona. Ulimi unataka kusema, "Dokta, kadi inasema 46," lakini juzi alipouliza swali alifokewa mbele ya mgonjwa, na kodi ya chumba inamsubiri mwisho wa mwezi. Ananyamaza, na jino lisilo na ugonjwa linang'oka.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Kabla ya ganzi, msaidizi asome kwa sauti jina la mgonjwa na namba ya jino, daktari arudie, mgonjwa aguse kwa kidole jino linalomsumbua. Na siku msaidizi akimzuia daktari, daktari amshukuru palepale, wote wakisikia. Bila shukrani hiyo, utaratibu utabaki karatasi.

Woga huo huo humfanya mtu wa usafi afiche kwamba amechomwa na sindano. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, tena mapema iwezekanavyo. Akificha siku nne, muda umepita.

"Hakuna anayelalamika, kwa hiyo tuko vizuri."

Mgonjwa asiyeridhika huhama kimyakimya. Mpigie simu kesho yake baada ya kumng'oa jino, umuulize kuhusu damu, maumivu na alivyopokelewa.

"Hatuna bajeti ya hayo."

Daftari la matukio, kikao cha nusu saa kila mwezi, na karatasi moja inayosema nani anashika nini dokta akisafiri vinatosha kuanzia. Katika kikao cha kwanza, fungueni sanduku la dharura mbele ya wote. Mmoja asome kwa sauti tarehe ya mwisho ya adrenalini (dawa ya dharura ya mzio mkali), mwingine apime kama mtungi wa oksijeni una kitu, na majibu yaandikwe pamoja na jina la atakayekagua mwezi ujao.