Je, wanatembea tu?

Video za dansi ya usasaleo, yaani dansi ya kisanaa inayotumia hata mienendo ya kawaida, kutoka tamasha za kiangazi za Ulaya na Marekani zinapofika kwenye simu zetu Nairobi, wengi huamini wachezaji wanabahatisha: wanatembea, wanakaa, wanainuka. Kuchoshwa nazo ni haki ya mtazamaji. Ila kutembea huko kulichaguliwa makusudi. Mwaka 1962, ndani ya kanisa moja New York, wacheza dansi waliofunzwa, wakiwa na wachoraji na wanamuziki, walipandisha mienendo ya kila siku jukwaani. Hata wanaobuni papo hapo kwa kawaida huwekeana masharti. Kuhakikisha, tafuta rekodi mbili za onyesho lilelile, zima sauti, mfuate mchezaji mmoja: anaanza na mguu upi, anageuka lini. Kilichopangwa hatua kwa hatua kitajirudia.