Je, wajua kwa nini tai wa Marekani alichapwa kwenye sahani za Waingereza?

Marekani na Uingereza zilipigana vita viwili katika kipindi cha miaka 40: vita vya uhuru vilivyoanza 1775, kisha vile vya 1812 hadi 1815. Lakini vyombo vingi vya udongo vilivyolitukuza taifa hilo changa, vyenye tai, George Washington na majina ya majimbo, vilifinyangwa Uingereza, hasa Staffordshire na Liverpool.

Sababu kubwa ni soko. Wamarekani walitaka vyombo vyeupe vya mezani, na viwanda vyao havikuweza kushindana na Waingereza kwa bei wala ubora. Amani iliporudi, wafinyanzi wa Staffordshire wakamfuata mteja kwa picha alizozitaka.

Ufundi nao ulisaidia. Mwaka 1756, John Sadler na Guy Green wa Liverpool waliapa kwamba walikuwa wamechapa vigae zaidi ya 1,200 kwa saa sita. Picha ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapakwa rangi, ikachapwa kwenye karatasi laini, na karatasi ikagandamizwa juu ya chombo. Bamba moja lilitosha vyombo vingi. Rangi iliyopendwa kwa sahani ilikuwa buluu ya kobalti, kwa kuwa ilistahimili moto wa joko. Ukiishika sahani kama hiyo, kagua ukingo wake vizuri: mara nyingi utaona pale ncha mbili za karatasi zilipokutana, na ua la pambo limekatika katikati.

Mimi hunivutia zaidi majagi ya Liverpool yenye picha ya meli. Meli yenyewe ilichapwa kwa rangi nyeusi, ila bendera mara nyingi ilipakwa kwa brashi baadaye. Kwa hiyo bamba lile lile liliweza kumhudumia nahodha wa Boston, Marekani, na wa Bristol, Uingereza. Meli ilikuwa ya taifa la aliyeagiza.

Hata hivyo, nadhani ni kosa kuviita vyombo hivi vya uongo. Washington alipofariki Desemba 1799, Liverpool ilitoa majagi ya maombolezo, na Mmarekani aliyeliweka jagi hilo rafuni alikuwa na msiba wa kweli, bila kujali lilifinyangwa wapi. Wafinyanzi ndugu James na Ralph Clews wa Cobridge, Staffordshire, walitengeneza sahani yenye majina ya majimbo 15 kuzunguka ukingo, ingawa kufikia wakati huo nchi ilikwishapita idadi hiyo. Jenerali Lafayette, Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani, aliposhuka New York Agosti 1824, mapokezi yake nayo yakachapwa kwa buluu kwenye sahani za Clews.

Na ukigeuza sahani za Enoch Wood & Sons zenye mandhari ya Marekani, nyuma ya nyingi utamkuta tai na maneno E Pluribus Unum, yaani “kutoka wengi, mmoja”, kaulimbiu iliyo kwenye nembo ya Marekani tangu 1782. Kiwanda chenyewe kilikuwa Burslem, Staffordshire.