Seredani Chumbani Wakati wa Kipupwe: Desturi ni Ile Ile, Nyumba Sizo

Kila unapoingia mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha na upepo wa kusi umeshashika, sisi tunaofanya kazi ya zimamoto na uokozi hapa Pemba huanza kupokea malalamiko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya watu wanaouliza kwa nini tunakataza kuingiza makaa ya moto chumbani, ilhali bibi zao na mama zao waliyaingiza na wakaishi hadi uzeeni. Ya pili ni ya wale ambao tulifika kwao usiku, tukavunja mlango au kioo cha dirisha, nao wakaona kwamba tumewatia hasara bure kwa kuwa hapakuwa na moto wowote ulioripuka. Makala hii inajibu yote mawili, na inawaendea watu wenye nia njema, kwani katika miaka yote ya kazi hii sijakutana na mtu aliyeingiza seredani, yaani jiko la makaa, chumbani kwa kutaka kumdhuru mtu. Wengi huiingiza kwa mapenzi.

Kipupwe chetu, tuseme kweli, si baridi ya kutisha. Usiku wa Julai joto la Unguja na Pemba hushuka hadi nyuzi 21 au 22 hivi, na mtu wa Makete au Njombe, ambako majira hayo hayo umande huweza kuganda juu ya majani, angetucheka kusikia tunatetemeka. Lakini mwili huzoea pale unapoishi, na nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Kusi huja na unyevu wa bahari, nguo zilizoanikwa uwani asubuhi huanuliwa jioni zikiwa bado hazijakauka vizuri, na shuka moja nyepesi haimtoshi mzee mwenye baridi yabisi wala mtoto mwenye pumu. Zaidi ya wote hao yupo mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, aliye ndani ya siku arubaini zake, ambaye kwa desturi hatakiwi kupigwa na upepo hata kidogo. Huyu hukandwa kwa maji ya moto, hufukizwa, na katika nyumba nyingi huwekewa seredani ya makaa chini ya kitanda au karibu na miguu usiku kucha.

Sitatumia nafasi hii kueleza kwamba moshi unadhuru, kwa sababu kila mtu aliyewahi kupika kwa kuni mbichi au kwa makumbi anajua. Tatizo letu ni makaa yasiyotoa moshi. Mama mmoja tuliyemtembelea alinieleza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba yeye haingizi makaa ndani mpaka ayapepee kwanza nje yakolee, yawe mekundu, moshi wote utoke, ndipo ayabebe chumbani. Alidhani ameshaiondoa hatari. Kwa hakika hatari yenyewe alikuwa bado anaiingiza, kwa sababu makaa yaliyokolea katika chumba chenye hewa chache hutoa kwa wingi gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozeshi. Ukiivuta inaingia katika damu na kushika mahali ambapo oksijeni ingeshika, na hushika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua vizuri huku ubongo na moyo wake vikikosa kile anachokipumulia. Aliye macho huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hasikii kitu.

Sasa kuhusu bibi zetu. Hoja hii nimeisikia mara nyingi mno na nakiri kwamba zamani nilikuwa naijibu kwa ukali, jambo ambalo halikusaidia, maana wenye hoja hii wanasema kweli: bibi zao waliingiza moto na hawakufa. Lakini waliuingiza katika nyumba gani? Nyumba ya miti iliyokandikwa kwa udongo na kuezekwa kwa makuti ina mwanya kati ya kiambaza na paa unaozunguka nyumba nzima, mlango wake ni wa mbao zisizokutana sawasawa, na makuti yenyewe yanapitisha hewa. Usiku wa kusi, ukilala katika nyumba hiyo, unausikia upepo ukipita juu ya chandarua. Seredani ikiwekwa humo, gesi ilipanda na joto na ikatoka. Leo kijana wa nyumba hiyo hiyo amemjengea mama yake nyumba ya matofali, ameipiga lipu ndani na nje, ameweka dari ya jipsamu na madirisha ya alumini yenye vioo vya kusukuma ambavyo vikifungwa havipitishi hata mbu, kisha juu yake ametundika pazia zito. Mzazi anapoingia arubaini, mkunga au shangazi anafunga madirisha yote na kusokota kanga kuukuu chini ya mlango ili ubaridi usipenye. Desturi ni ile ile, nyumba sizo. Chumba kimekuwa kama chungu kilichofunikwa, na moto umo ndani pamoja na watu.

Wakaazi wa Mji Mkongwe kule Unguja nao wasijione kwamba hawahusiki, kwa kuwa kuta zao ni nene na vyumba vingi vya ndani vina dirisha moja tu linaloelekea kwenye uwa mwembamba usiopitisha upepo.

Nitaeleza tukio moja bila ya kutaja mahali. Tuliitwa asubuhi katika shehia moja ya Wilaya ya Wete, na simu haikutoka kwa wenye nyumba bali kwa jirani. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa barazani na mtu wa kuwasomea wagonjwa dua alikuwa ameshaitwa, kwa sababu mzazi alikuwa anatapika na kusema maneno yasiyoeleweka tangu alfajiri, na dada yake aliyelala naye chumba kimoja alikuwa hawezi kusimama. Ilionekana kwamba wamevamiwa na jini. Mwenzangu aliingia akiwa amevaa kifaa cha kupumulia, na watu wawili watatu walicheka kumwona amejifunga uso kwa ajili ya chumba kisicho na moshi. Chini ya kitanda palikuwa na seredani. Majivu yake yalikuwa meupe, laini kama unga, lakini nilipoishika pembeni nje ya nyumba ilikuwa bado inaunguza, na nilipoyachokoa majivu kwa kijiti makaa yalikuwa mekundu chini. Mtoto mchanga, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, alikuwa amechukuliwa na bibi yake usiku wa manane kwa sababu ya kulia, akalala naye ukumbini. Wote walipona. Sina nia ya kubishana na mtu juu ya majini, ila ninachoomba ni kwamba, pale watu wawili au watatu waliolala chumba kimoja wanapoamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, watolewe nje kwanza, na hayo mengine yafuate baadaye.

Kinga tunazoelezwa na wananchi ni nyingi na nitazipita haraka. Beseni la maji karibu na seredani halisaidii, kwa sababu gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha maana. Kitunguu kilichokatwa hakisaidii kitu. Kulala chini sakafuni hakusaidii, kwani uzito wa gesi hii unakaribiana sana na uzito wa hewa na hivyo huchanganyika chumba kizima. Kitambaa kibichi puani hakiizuii. Kuacha mlango wazi kidogo si kinga ya kutegemewa, hasa mlango huo unapoelekea ukumbi ambao nao umefungwa. Chetezo cha ubani au udi kwa dakika chache, chumba kikiwa wazi na watu wakiwa macho, si jambo tunalolipigia kelele, ingawa kukiacha kinawaka chini ya kitanda ni shauri jingine.

Wapo pia wanaodhani haya ni mambo ya watu wasiojua na wasio na umeme. Mwezi wa Februari 2021 jimbo la Texas nchini Marekani lilipigwa na baridi kali ya theluji, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na vifo vilivyohesabiwa rasmi vilifika 246. Baadhi yao hawakuuawa na baridi bali na gesi hii, kwa kuwa watu waliwasha makaa ndani, wakawasha magari ndani ya gereji ili wapate joto, au wakaweka majenereta karibu na madirisha. Nasi kiza tunakijua. Unguja ilikosa umeme kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na wengi tunakumbuka majenereta yalivyonguruma vibarazani na hata ngazini. Jenereta linatoa gesi hiyo hiyo, tena kwa wingi zaidi, na mahali pake ni nje, mbali na dirisha la mtu yeyote, likiwemo dirisha la jirani.

Mzazi na mtoto wanahitaji joto, na hilo hatulikatai. Mtoto mchanga hupoteza joto kwa haraka, na joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Njia iliyo bora kuliko seredani ni kumlaza juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa amevishwa kofia na soksi, kisha wote wawili wafunikwe kanga na blangeti, na kumchelewesha kuoga kwa angalau saa 24 tangu kuzaliwa. Chumba kinaweza kupashwa moto kabla, madirisha yakiwa wazi na mzazi akiwa ukumbini, halafu seredani itolewe ndiyo aingie. Maji ya kukandia yachemshwe jikoni au uwani na yaletwe kwa ndoo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvishwa kitambaa inatosha miguuni, mradi isimguse mtoto.

Mkikuta mtu amezidiwa, fungueni mlango na madirisha mkiwa mmezuia pumzi, mtoeni nje, kisha itoeni seredani. Msiimwagie maji ndani. Piga simu, na Polisi hupatikana kwa nambari 112. Mpigaji ataje shehia, kisha alama inayojulikana kama msikiti au skuli, kisha aeleze kama gari inafika mlangoni au inaishia barabarani, idadi ya watu walio ndani, na kwamba palikuwa na makaa. Neno hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa kila mara. Asikate simu mpaka aambiwe akate, na mtu mmoja asimame njiani na tochi. Mgonjwa apelekwe hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu katika hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi sita kwa nusu tu ya gesi kutoka katika damu, wakati kwa oksijeni ya hospitali nusu hiyo hutoka kwa saa moja hadi moja na nusu. Daktari naye aambiwe habari ya makaa, kwa kuwa kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonesha kwamba damu ina oksijeni ya kutosha ilhali haina.

Ikiwa mtu ameshafariki, asisogezwe, na seredani isiguswe, mpaka Polisi wafike. Najua uzito wa kuchelewesha maziko, na najua tunavyoonekana tunapolisema hili mbele ya wafiwa. Lakini kifo cha namna hii lazima kichunguzwe na daktari na maelezo ya waliokuwepo yaandikwe, na familia inayozika kwanza na kueleza baadaye hujikuta katika usumbufu mrefu zaidi. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar Nam. 6 ya 2018 inahesabu kuwa ni kosa mtu kutenda kwa uzembe jambo linalohatarisha maisha ya mwengine, na moto umo katika mambo hayo. Waajiri wanaowaachia walinzi wao kibanda kisicho na dirisha na seredani ya kupigia joto wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini Nam. 8 ya 2005 inawabebesha wao wajibu, na kwamba kusema “mlinzi ameileta mwenyewe” si utetezi. Wenye mashamba ya mikarafuu pia, wachumaji wao wanapokaa dago, yaani kambi ya shambani, wahakikishe moto wa kupikia unabaki nje ya banda hata usiku wa manyunyu. Na anayepiga simu ya uongo, kwa mzaha au kwa kumkomoa jirani, anatenda kosa, na nambari yake inabaki kwetu.

Nabakisha suala la mlango. Tunapofika na kuita mara kadhaa bila ya kujibiwa, na jirani akatuthibitishia kwamba watu wamo ndani, hatusubiri ufunguo uletwe kutoka mjini Chake Chake. Tunavunja. Tunaandika katika ripoti kilichovunjwa na sababu yake, sheha akiwepo kama amepatikana, na mwenye nyumba akihitaji maelezo hayo aje ofisini siku ya kazi na kitambulisho chake. Ukitaka tusivunje, lala bila ya kuuacha ufunguo tunduni kwa ndani, ufunguo wa pili umpe jirani unayemwamini, na seredani uiache uwani.