Jumbe nyingi si kazi nyingi: dhana potofu kuhusu ripoti za Slack na Teams

Programu za ujumbe wa kazini, kama Slack na Microsoft Teams, huwa na ukurasa wa takwimu: nani aliingia, jumbe ngapi zilitumwa, chaneli zipi (vyumba vya mazungumzo ya pamoja) zina uhai. Meneja akiufungua kwa mara ya kwanza hudhani amepata daftari la mahudhurio, na kuanzia hapo ripoti inasomwa vibaya.

Dhana: Anayetuma jumbe nyingi ndiye mchapakazi.

Ukweli: Mfumo unahesabu jumbe, haupimi uzito wake. Aliyeandika "sawa", kisha "nimeiona", kisha "asante" ana jumbe tatu. Aliyemaliza mgogoro wa wiki nzima kwa aya moja iliyofikiriwa vizuri ana mmoja. Aliyejifungia kufunga hesabu za mwezi hana hata huo mmoja, na kwenye grafu anaonekana kama aliyekuwa likizo. Majukumu nayo hutofautiana: wa huduma kwa wateja anaishi ndani ya chaneli, mhandisi anaishi nje yake. Ukiwapanga wote kwenye orodha moja ya nani wa kwanza na nani wa mwisho, orodha hiyo haikuambii lolote kuhusu kazi.

Tena, watu wakishajua wanahesabiwa, hubadilika. Mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart aliligusa jambo hili mwaka 1975 akizungumzia sera ya fedha: uhusiano wa kitakwimu hulegea pale unapotumiwa kama chombo cha kudhibiti. Ofisini hali ni hiyohiyo. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliachisha kazi wafanyakazi zaidi ya kumi kwa madai kwamba waliigiza shughuli za kibodi ili waonekane wako kazini. Lawama ni yao, sawa, lakini kipimo kinachoweza kudanganywa kwa kubonyezabonyeza kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Dhana: Alama ya kijani kando ya jina, ya kuonyesha mtu yupo, ikizimika, mtu ameondoka.

Ukweli: Teams hubadilisha hali ya mtu kompyuta ikikaa takriban dakika 5 bila kuguswa; Slack husubiri 10. Anayesoma mkataba kwenye karatasi au anayeongea na mteja kwa simu huzimika vilevile.

Dhana: "Mtumiaji hai" maana yake ni moja kila mahali.

Ukweli: Slack humhesabu hata aliyesoma tu bila kuandika neno. Teams hutaka kitendo cha makusudi. Programu kufunguka yenyewe kompyuta inapowashwa hakuhesabiwi. Kwa hiyo kampuni iliyohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine isishangae mstari ukiruka au ukiporomoka. Ripoti za Teams pia huchelewa saa 24 hadi 48, kwa hiyo kuzitazama asubuhi ili kujua nani "yupo" leo ni kujisumbua bure.

Dhana: Ripoti humwonyesha bosi ninachoandika inboksi.

Ukweli: Ukurasa wa takwimu huonyesha idadi, si maneno. Ila usilale usingizi mzito. Kuna njia nyingine, tofauti na ripoti hizi: kampuni yenye mpango wa kulipia unaoruhusu hivyo inaweza kupata jumbe za faragha kwa masharti maalumu, kwa mfano wakati wa kesi au uchunguzi. Na ujumbe uliofuta unaweza kubaki umehifadhiwa, kulingana na mipangilio ya mwajiri.

Dhana: Data ni ya kampuni, basi itapima inavyotaka.

Ukweli: Hata watengenezaji wamelazimika kurudi nyuma. Mwaka 2020 Microsoft ilitoa kipimo cha tija kilichoonyesha majina ya wafanyakazi. Baada ya kelele za watetezi wa faragha, ilitangaza mwezi Desemba mwaka huohuo kwamba inayaondoa. Tangu Septemba 2021 ripoti zake za matumizi huficha majina mpaka msimamizi abadilishe mpangilio. Huko Ufaransa, Desemba 2024, mamlaka ya ulinzi wa data, CNIL, iliitoza kampuni ya mali isiyohamishika faini ya euro 40,000 kwa ufuatiliaji uliopita kiasi, ukiwemo wa kuhesabu dakika za "kutofanya kazi" kwenye kompyuta.

Dhana: Basi ripoti hizi hazina maana.

Ukweli: Zinayo, mradi swali liwe la timu na si la mtu. Mimi ningeanza na uwiano wa jumbe za inboksi na za chaneli za wazi. Mazungumzo mengi yakiwa inboksi, mfanyakazi mgeni hana pa kutafuta majibu ya jana, na mtu mmoja akiugua, maamuzi yote yanalala naye kitandani. Baada ya hapo ningetazama chaneli zisizoguswa kwa miezi, nizifunge. Na kabla ya ripoti ya kwanza kwenda kwa uongozi, timu ingeandikiwa kwenye chaneli yake yenyewe: tunahesabu hiki, hatuhesabu kile, na ripoti wataiona hawa.