Je, wajua kwa nini kukataa kupuliza hakuui kesi ya ulevi barabarani?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dereva aliyekamatwa kwa ulevi akikataa kupuliza Alcoblow, kile kipima pombe cha pumzi, kesi imekufa: hakuna kipimo, hakuna ushahidi. Barazani hapa Mombasa bado naisikia hoja hiyo, hasa Jumapili asubuhi, watu wanapohadithiana waliokamatwa usiku njia ya Mtwapa. Nilikosea, na kosa langu lilikuwa kudhani kwamba sheria huadhibu pombe peke yake.

Tuanze na Uingereza. Chini ya kifungu cha 7 cha sheria yao ya trafiki ya mwaka 1988, kukataa kutoa pumzi, damu au mkojo ni kosa linalojitegemea. Hata ambaye hajaonja tone anaweza kupatikana na hatia, isipokuwa awe na sababu ya haki, kama maradhi ya kifua yanayomzuia kupuliza. Kumngoja wakili kwa kawaida si sababu. Aliyekuwa akiendesha hunyang'anywa leseni kwa miezi 12 au zaidi, sawasawa na aliyepimwa akakutwa amelewa, na anaweza kufungwa hadi miezi 6.

Marekani wamepita njia nyingine. Fikiria feri ya Likoni. Kabla ya kuvuka, unakaguliwa. Ukikataa, hakuna anayesema umebeba silaha, ila huvuki. Ruhusa ya kuvuka imekuja na sharti lake. Leseni nayo huko huhesabiwa hivyo: ukishika usukani, umekwisha kukubali kupimwa endapo utakamatwa kwa ulevi. New York ilianza mwaka 1953, na sasa majimbo yote yana sheria ya namna hiyo. California, anayekataa kwa mara ya kwanza hufungiwa leseni mwaka mzima, hata kesi ya ulevi ikimwendea vizuri. Tena tangu 1983 Mahakama ya Juu imeruhusu kukataa kwenyewe kutajwa kama ushahidi. Mpaka upo, lakini: mwaka 2016 mahakama hiyo ilisema pumzi ya aliyekamatwa yaweza kupimwa bila kibali cha hakimu, ila mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kukataa tu sindano ya damu isiyo na kibali.

Ukali wote huu ni kwa sababu pombe ni ushahidi unaoyeyuka, kama barafu juu ya mkokoteni wa samaki. Kwa wastani mwili huondoa miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Kikomo cha sheria cha England ni 80. Mwenye 100 saa nane usiku, akibishana kituoni hadi saa kumi, atakuwa ameshuka hadi 70.

Kwetu Kenya mambo ni tofauti kidogo. Kanuni za Alcoblow za mwaka 2011, zilizoweka kikomo cha mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, zilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2017. Wengi walifurahi. Lakini kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kilibaki, nacho hakitaji namba: kosa ni kulewa hadi ukashindwa kulidhibiti gari. Kwa hiyo afisa anaweza kueleza jinsi gari lilivyoyumba Daraja la Nyali, ulimi mzito, miguu isiyosimama. Namba ya chini ingeweza kumtetea dereva huyo, naye aliikataa.