Tramu ya farasi: maana yake, na namna ya kutambua mabaki yake

Tramu ya farasi ni behewa linalopita juu ya reli likivutwa na farasi badala ya injini. Hapo hakuna fumbo. Fumbo linaanza pale mtu anapoonyeshwa safu ya mawe yaliyotobolewa, yamelala nyasini, akaambiwa kwamba hiyo ilikuwa reli. Chuma hakuna, mataruma hakuna, kituo hakuna. Ili uielewe njia hiyo, mrudishe kwanza farasi mahali pake, kisha uangalie alikuwa akikanyaga wapi.

Kwa nini farasi apewe reli? Kwa sababu gurudumu linateleza kwa wepesi kwenye reli, wakati barabarani linazama matopeni. Farasi aliyekuwa akihema kwa mzigo wa tani moja barabarani, juu ya reli aliweza kuvuta tani kadhaa. Wenye migodi ya makaa ya mawe kule England walilijua hilo mapema sana. Daraja la Causey Arch, katika eneo la Durham, lilijengwa mwaka 1725 na 1726 kupitisha magari ya makaa yaliyovutwa na farasi juu ya reli za mbao. Injini ya kwanza ya mvuke kutembea relini ilikuwa bado miaka karibu 80 mbele. Reli zile za mbao zilikwisha zamani. Daraja lingali limesimama.

Turudi kwenye yale mawe. Reli tunazozijua zimefungwa juu ya mataruma yanayokatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mpitishe farasi hapo siku nzima, atajikwaa kila hatua. Kwa hiyo wajenzi wengi wa zamani waliipa kila reli mawe yake, huku na huku, na katikati wakaacha wazi kwa ajili ya kwato. Jiwe lilitobolewa tundu, tundu likashindiliwa kigingi cha mwaloni, kigingi kikapigiliwa msumari wa kushikilia chuma. Njia ilipokufa, chuma kiling'olewa kikauzwa. Nani ahangaike na jiwe zito lenye tundu? Likaachwa pale pale, au likachukuliwa kujengea ukuta. Kwenye njia ya Peak Forest, huko huko England, iliyofunguliwa mwaka 1796 kubeba mawe ya chokaa hadi gati la mfereji la Bugsworth, safu hizo bado zinaonekana, na matundu yake yako wazi.

Lakini mabaki yanayonipendeza kuliko yote yako Haytor, kwenye nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa England. Pale hata reli zenyewe ni za mawe. George Templer alikuwa na machimbo ya granaiti, na mwaka 1820 njia yake ya kuteremsha mawe hayo hadi mfereji wa Stover ilifunguliwa. Chuma ni ghali, granaiti anayo. Akachonga reli kutokana na granaiti ile ile aliyokuwa akiiuza. Kila jiwe limechongwa mfano wa ngazi fupi: sehemu ya chini ndiyo gurudumu linapopita, na sehemu iliyoinuka pembeni inalizuia lisitoke. Njia mbili zinapokutana, utaona jiwe limechongwa mikondo miwili inayoachana, na tundu pale palipokaa kipande cha kuelekeza magurudumu.

Kwenda chini, mawe yalishuka kwa uzito wake yenyewe, kazi ya watu ikiwa kuyazuia yasikimbie. Farasi walivuta magari matupu kurudi mlimani. Jiwe la Haytor lilitumika katika London Bridge iliyofunguliwa mwaka 1831. Baadaye daraja hilo liliuzwa Marekani, likasimamishwa upya Arizona mwaka 1971. Daraja limehama bara, reli iliyobeba mawe yake haijaondoka nyikani.

Tramu za mijini zilikuja baadaye. New York ilianza mwaka 1832, na miaka ya 1850 Mfaransa Alphonse Loubat akaweka Paris reli yenye mfuo wa kupitishia gurudumu, iliyolala sawa na barabara. Reli iliyochomoza ilikuwa kero tupu: mfanyabiashara Mmarekani George Francis Train aliziweka za namna hiyo London mwaka 1861, zikawavunjia watu magurudumu ya magari yao hadi zikaondolewa.

Mabaki ya mijini ni haba zaidi, kwani umeme ulipokuja, njia zile zile zilifumuliwa na kuwekwa reli nzito. Kilichosalimika mara nyingi ni bodi la behewa, lililouzwa kwa bei ya kutupa likawa banda shambani. Mabehewa kadhaa yaliyomo kwenye makumbusho leo yaliokotwa hivyo. Farasi wenyewe walikuwa gharama: mmoja alifanya kazi saa chache tu kwa siku, hivyo behewa moja lilihitaji farasi kumi au zaidi wa kupokezana. London iliachana nao mwaka 1915, New York mwaka 1917. Mji wa Douglas, kwenye kisiwa cha Isle of Man, haukuwaacha: tramu yake ya ufukweni ilianza mwaka 1876, na hadi karne hii bado farasi wamekuwa wakiivuta.

Na kwetu? Zanzibar ilikuwa na ndugu wa karibu. Sultani Barghash alijenga reli kutoka Mji Mkongwe hadi kasri lake la Chukwani mwaka 1879, na mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. (Si nyumbu wa Serengeti, huyu ni mtoto wa punda na farasi, wengine humwita baghala.) Mwaka 1881 aliagiza injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli ikang'olewa.

Mombasa nako, hadi miaka ya 1920, vigari vilipita kwenye reli nyembamba katikati ya mji, abiria wakiwa wamekaa chini ya kivuli cha turubai. Wapo wanaoviita tramu, na si vibaya. Ila tramu ya farasi havikuwa: waliovisukuma walikuwa watu.