Bomba lipi litadumu kwenye nyumba ya Mtwara na Lindi?

Fedha za korosho zikianza kuingia, mafundi bomba wa mikoa yetu hawapumziki. Nyumba zilizosimama tangu msimu uliopita zinaendelezwa, na swali linaloulizwa dukani na saiti ni lilelile: bomba lipi linadumu? Sisi tunaofundisha ufundi huu hatujibu kabla ya kuuliza mambo mawili. Nyumba iko wapi? Na maji yake yanatoka wapi? Bomba lililokaa Newala miaka na miaka bila shida linaweza kuoza mapema Shangani au Mikindani, kando ya bahari, na fundi asiwe na kosa lolote.

Tuanze na chuma, kwa sababu ndicho kinachowaponza wengi. Bomba la chuma lililopakwa zinki, lile linaloitwa GI, linaaminika kwa ugumu wake. Zinki ndiyo kinga yake: inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kibaki salama. Sasa fundi anapochonga uzi kwenye ncha ili afunge kiungio, yaani elbo au soketi, anaiondoa zinki hiyohiyo, na chuma kinabaki wazi hapohapo kwenye jointi. Ndiyo maana kutu huanzia kwenye uzi. Ongeza chumvi ya upepo wa bahari, maji ya kisima kifupi karibu na ufukwe, au mchanga wa baharini uliochanganywa kwenye lipu, na zinki haichukui muda kuisha.

Mgao wa maji nao unachangia. Bomba linalojaa maji muda wote lina hewa kidogo ndani. Likijaa leo na kesho kutwa likabaki nusu, unyevu na hewa vinakutana, na kutu inashamiri. Yale maji mekundu yanayotangulia mgao ukirudi ni chuma cha bomba lako, ingawa mara nyingine, tuseme ukweli, ni cha bomba la mtaani. Likate kwa msumeno bomba la nusu inchi lililofikia hali hiyo: ndani kumeota magamba ya kahawia, na tundu lililobaki linapitisha penseli kwa shida. Mwenye nyumba wakati huo ameshanunua pampu kubwa zaidi akidhani presha ndiyo imepungua.

Huko juu kwenye uwanda wa Makonde chumvi ya bahari haisumbui, kwa hiyo chuma kinapata nafuu. Lakini nyumba nyingi za Newala na Tandahimba huvuna mvua, na maji ya mvua hayana chokaa. Maji yenye chokaa kiasi huacha utando mwembamba unaolikinga bomba kwa ndani. Ya mvua hayaachi kitu, yanaimaliza zinki taratibu. Hata huko, mimi nisingeweka chuma ukutani. Shaba ni nzuri lakini bei yake haishikiki, na ikionekana nje huibwa.

Inabaki plastiki, na hapa watu huchanganya aina tatu zenye tabia tofauti kabisa.

Kutoka kwenye mita hadi nyumbani, chini ya ardhi, weka bomba jeusi la roli, lile la HDPE lenye mstari wa bluu. Halishiki kutu, linajipinda bila kuhitaji elbo nyingi, na weusi wake unalikinga na jua. Lenye plastiki ya daraja la PE100 hukokotolewa kudumu miaka 50 likiwa kwenye nyuzi joto 20 na presha iliyoandikwa juu yake. Ardhi yetu ina joto kuliko hapo, hivyo panda daraja moja la PN, yaani presha ambayo bomba linaihimili kwa kipimo cha baa, kuliko unavyodhani unahitaji. Penye mawe ya matumbawe, tandika mchanga kwanza; ncha ya jiwe ikiligandamiza bomba mwaka hadi mwaka, hulitoboa.

PVC ya gundi ni rahisi na inafaa maji baridi, mradi isikae juani. Jua la paa huifanya ipauke na kukakamaa, na ngazi ikiigusa inapasuka. Ikilazimu kupita nje, ipake rangi nyeupe ya maji. Maji ya moto usiyapitishe humo. Na fundi akianza kuichoma motoni ili kuitanua ncha badala ya kununua soketi, msimamishe: pale alipotanua, ukuta wa bomba umekuwa mwembamba.

Ndani ya kuta, chaguo langu ni PPR, plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine, na PN20 kwa upande wa maji ya moto. Udhaifu wake uko kwenye kuchomelea. Mashine inatakiwa ifike nyuzi 260, na bomba la milimita 20 likae humo sekunde 5 tu. Umeme ukiwa mdogo mashine haifiki huko, na jointi inashika juujuu. Ikizidishwa, plastiki hufura kwa ndani na kuziba njia. Jointi nzuri huonyesha pete mbili zilizolingana pande zote. PPR pia hurefuka ikipata joto: mita 10 zikipanda nyuzi 40 zinaongezeka sentimita 6 hivi, ndiyo maana zile zinazoachwa wazi kutoka kwenye simtanki hupinda kama nyoka. Halafu kuna ubahili wa mwisho mwisho: nyumba nzima PPR, kisha nipo ya chuma, kile kipande kifupi chenye uzi pande mbili, nyuma ya koki ya bafuni. Hiyo nipo ndiyo itakayovuja kwanza, tena ndani ya marumaru. Nunua ya shaba ya njano.

Dukani tafuta maandishi yaliyochapwa kwenye bomba lenyewe: aina, kipenyo, PN na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Bomba tupu lisiloandikwa kitu liache hata likiwa la bei nusu.

Kabla ya lipu, mtandao upimwe. Wengi hufungulia simtanki na kuangalia kama kuna tone, lakini tanki lililo mita 6 juu linatoa presha ya baa 0.6 tu, na jointi mbovu inaweza kuistahimili. Mwambie fundi alete pampu ya mkono yenye geji, apandishe hadi baa 10, afunge, na mshale uangaliwe tena asubuhi.